Cusco, Bonde Takatifu na Machu Picchu nikiwa na mzee wangu wa miaka 66: mpango huu umekaa sawa?

BintiMwalimu

Habari zenu wadau. Naomba msaada kwa yeyote aliyefika Peru, upande wa Cusco na Machu Picchu, ule mji wa kale wa mawe juu ya mlima.

Baba yangu alifundisha historia sekondari mpaka alipostaafu. Jioni, wenzetu waliposimuliwa habari za sungura na fisi, sisi tulisimuliwa habari za Wainka, waliotawala milima ile kabla ya Wahispania: barabara zilizokatiza milima, matarishi waliopokezana ujumbe mbiombio, hesabu zilizotunzwa kwa mafundo ya kamba. Yeye mwenyewe hajawahi kufika huko. Sasa akiba imetosha na nataka nimpeleke angali ana nguvu zake. Anatembea vizuri kwenye tambarare, ila goti la kulia humsumbua akishuka ngazi, na anatumia dawa ya presha. Mimi milima nimeizoea, Kilimanjaro nimefika kileleni, kwa hiyo kimo cha Cusco hakinitishi.

Nimepanga hivi. Tunatua Lima, kesho yake asubuhi ndege ya Cusco. Siku inayofuata tunaona mji na Sacsayhuamán, ngome ya mawe ya Wainka. Siku ya tatu treni mpaka Machu Picchu na kurudi Cusco usiku huohuo. Siku ya nne Bonde Takatifu lote kwa basi la watalii, siku ya tano tunaondoka. Nataka iwe mwisho wa Juni ili tuione Inti Raymi, sherehe ya jua ya Wainka.

Moyoni natamani pia kutembea ile Njia ya Inka ya siku 4, lakini sijui nimwache wapi baba. Na tiketi za Machu Picchu nimekuta zina mzunguko wa 1, wa 2 na wa 3, sielewi tofauti yake. Mniambie kwa uwazi, sitaki baba akimbizwe kama mzigo.

Kasuku_wa_Forodhani

Nianze na tiketi maana ndiyo inayowakwamisha wengi. Kabla hujalipia ndege, fungua tovuti rasmi ya Wizara ya Utamaduni ya Peru uone tarehe zilizobaki. Kila tiketi ina saa ya kuingia, ina mzunguko mmoja, na inaandikwa jina na namba ya pasipoti. Mlangoni wanalinganisha. Mkibadilisha pasipoti katikati, bebeni na ile ya zamani.

Utaratibu wa sasa wa mizunguko ulianza Juni 2024. Mzunguko wa 1 unapita juu: unapata ile picha ambayo kila mtu anaijua, lakini huingii katikati ya majengo. Wa 2 unakupa mandhari kutoka kwenye matuta na kisha unaingia mjini, ndio unaogombewa na ndio unaoisha mapema. Wa 3 unapita upande wa chini, ngazi zake ni chache kuliko mingine, isipokuwa ukichukua na tiketi ya kupanda Huayna Picchu, kile kilele kinachoonekana nyuma ya mji, ambayo kwa mwenye goti bovu si ya kufikiria. Hakuna kurudi nyuma ndani ya mzunguko, na ukishatoka hurudi tena kwa tiketi hiyo. Choo kiko nje ya lango, kwa hiyo mzee aende kabla ya kuingia.

Ukikosa kabisa mtandaoni, kuna tiketi zinazouzwa palepale Aguas Calientes, mji ulio chini ya mlima, lakini unapanga foleni na huchagui saa wala mzunguko unavyotaka. Kwa safari ya kutoka mbali hivi pamoja na mzazi, usitegemee hizo.

Na tiketi ya ndege ikipitia Marekani, hata kama hutoki nje ya uwanja, utadaiwa viza ya kupita. Angalia kabla bei rahisi haijakuvutia.

Fundi_Timazi

Dada, kwanza mfikishie mzee shikamoo yangu.

Mimi ni fundi mwashi, mawe ndiyo yamenilisha, na Cusco nilikwenda kwa ajili ya kuta kabla ya kitu kingine chochote. Kwa hiyo nitakayosema yanaegemea upande huo. Mpango wako una kila kinachotakiwa, ila umekaa kichwa chini miguu juu. Unaanzia juu, unashuka, unapanda tena usiku umechoka, halafu bonde, ambalo ndilo lingempa mzee pumzi na ndilo lenye mambo anayoyapenda, umelipa siku moja ya mwisho, tena kwenye basi la watu wengi ambalo kila kituo mnapewa muda wa kupiga picha na kupanda tena.

Kuhusu Kilimanjaro, naomba usiitumie kama kipimo. Kule unapanda kwa miguu yako. Unalala Mandara kama mita 2,700, kesho yake Horombo mita 3,720, mwili unajizoesha kidogo kidogo. Cusco iko karibu mita 3,400, na ndege inakutoa Lima, mji wa pwani, inakufikisha pale kwa saa moja na kitu. Kijana wa mazoezi na mzee wa miaka 66 wote wanaweza kupigwa na kichwa usiku huohuo, na aliyezoea milima halindwi na ujasiri wake.

Ningekuwa mimi ningefanya hivi. Mkitua uwanja wa Cusco, msiingie mjini kabisa. Chukueni gari moja kwa moja hadi Ollantaytambo, mji mdogo wa Bonde Takatifu, ni kama saa 2. Barabara ya kawaida inapitia Chinchero, ambako ni juu zaidi hata ya Cusco, lakini mnapita tu, msishuke kuzunguka siku hiyo. Ollantaytambo yenyewe iko kama mita 2,800. Laleni pale usiku kadhaa. Si usiku mmoja.

Nakuomba usiichukulie Ollantaytambo kama kituo cha treni, maana wengi ndivyo wanavyoifanya. Mji wenyewe bado umekaa kwenye mpango wa Wainka. Vichochoro vimenyooka, nyumba zimepangwa kuzunguka ua wenye mlango mmoja wa kuingilia, na pembeni mwa kichochoro unapita mfereji wa mawe wenye maji yanayokwenda mbio usiku na mchana. Watu wanaishi humo. Utamkuta mama anafagia kizingiti kilichochongwa kabla Mhispania hajakanyaga nchi ile. Kwa mtu aliyefundisha historia darasani kwa ubao na chaki, hapo pekee panamtosha asubuhi nzima, na hakuna ngazi hata moja.

Kisha kuna hekalu la juu. Ngazi ni nyingi, zinapita kati ya matuta makubwa. Mzee apande taratibu na fimbo mbili zenye mpira chini, apumzike kila tuta, na kushuka apewe muda mrefu kuliko kupanda. Juu kabisa yamesimamishwa mawe 6 makubwa ya rangi ya waridi, bega kwa bega, na kati ya jiwe na jiwe pameingizwa kibao chembamba cha jiwe kilichokaa bila chokaa. Machimbo yake yako Cachicata, ng'ambo ya mto Urubamba, kwenye mlima mwingine unaoonekana ukigeuka. Waliyashusha kule, wakayavusha mto, wakayapandisha kwa njia ya mteremko waliyoijenga, na njia hiyo bado inaonekana. Mengine hayakufika. Yamelala njiani hadi leo, na wenyeji huyaita mawe yaliyochoka.

Nilisogeza uso karibu nikitafuta alama za patasi. Hakuna, kwa sababu chuma hawakuwa nacho. Unachokiona ni vishimo vidogo vya kugongwa kwa jiwe gumu la mtoni. Katikati ya uso wa jiwe vishimo ni vikubwa, ukisogea kwenye ukingo vinakuwa vidogo na kukaribiana, maana hapo fundi alibadilisha nyundo akachukua ndogo ili asivunje pembe. Nikaweka kidole changu kwenye hewa, sentimita chache tu kutoka hapo (kugusa hawaruhusu, na wana haki), nikafuata mkono wa mtu yule ulivyopita. Mwambie mzee aangalie hapo, asiangalie ukubwa tu.

Na hapohapo ndipo Manco Inca, mfalme wa Wainka, alipomrudisha nyuma Hernando Pizarro, kamanda wa Kihispania, mwaka 1537. Walifungulia maji yakafunika uwanda wa chini, farasi wakakosa pa kukanyaga. Ukisimama juu ya matuta unauona uwanda wote na unaelewa vita ile kuliko ukisoma kurasa 20.

Siku nyingine kodini teksi ya siku nzima, muende Moray na Maras. Moray ni matuta ya mviringo yaliyoshuka ndani ya ardhi, duara ndani ya duara, na mnaweza kuyatazama kutoka ukingoni, goti halisumbuliwi. Maras ni mashimo ya chumvi zaidi ya 3,000 kwenye mteremko, ya familia za pale, yanalishwa na chemchemi moja ya maji ya chumvi. Wageni hawaruhusiwi tena kutembea katikati ya mashimo, mnaangalia kutoka pembeni. Magofu ya Pisac nayo teksi iwapeleke mpaka lango la juu, msipande kwa miguu kutoka mjini.

Treni panda hapohapo Ollantaytambo. Inachukua kati ya saa moja na nusu na saa 2 kufika Aguas Calientes, na barabara ya gari haipo, ni reli tu. Mabegi makubwa yaacheni mlipolala, treni inaruhusu mzigo mdogo. Laleni Aguas Calientes, mpande Machu Picchu asubuhi kwa basi, mrudi na treni ya mchana. Ndipo sasa mpande Cusco. Machu Picchu iko mita 2,430 tu, kwa hiyo mtakuwa mmekaa kwenye kimo cha wastani muda wote, na Cusco itawapokea mkiwa mmeshazoea.

Siku 5 hazitoshi. Ongeza, hata kama itabidi upunguze hoteli ya bei.

Muuguzi_Zamu

Naongezea upande wa afya. Fundi amesema kweli kuhusu kimo, na dawa haichukui nafasi ya mpangilio mzuri wa safari.

Dawa inayotumika kuzuia ugonjwa wa kimo ni asetazolamidi. Huanzwa siku moja kabla ya kupanda. Inafanya vidole viwashewashe na mtu akojoe mara nyingi, msiogope. Lakini baba anatumia dawa ya presha, na baadhi ya hizo nazo zinatoa maji mwilini, kwa hiyo asimeze chochote kabla daktari wake hajaona orodha kamili. Mwenye mzio wa dawa za salfa au shida ya figo aseme mapema. Usimpe kidonge ulichopewa na rafiki.

Usiku wa kwanza na wa pili: chakula chepesi, supu ya kinoa inafaa sana, pombe hapana, vidonge vya usingizi hapana. Hotelini watawapa chai ya majani ya koka. Peru ni halali na ni kinywaji cha kawaida, ila msibebe majani wala mifuko yake kurudi nayo, na kama kazini kwenu mnapimwa dawa za kulevya fahamuni kwamba yaweza kuonekana kwenye kipimo.

Kichwa kuuma na kukosa hamu ya kula ni kawaida. Kinachotakiwa kukutisha ni hiki: anahema akiwa amekaa, anayumba akitembea kama aliyelewa, anachanganya maneno, au kikohozi chenye povu. Hapo hamsubiri asubuhi. Oksijeni, daktari, na kushuka chini usiku huohuo. Wagonjwa wengi wanaopoteza maisha kwa kimo ni wale walioambiwa "lala tu utaamka sawa".

MguuNjiani

Mimi nitampinga Fundi kidogo. Binti ameandika kwamba moyoni anatamani Njia ya Inka, na hakuna aliyemjibu. Tembea, dada. Ni kama kilomita 42, unapita mawe yaleyale waliyoyakanyaga wao, unavuka pito la mlima la Warmiwañusca mita 4,215, na siku ya mwisho unaingia Machu Picchu kupitia Inti Punku, lango la jua, kwa miguu yako. Treni haikupi hicho.

Vibali ni 500 kwa siku, na humo wamo wapagazi na waongozaji, kwa hiyo wageni mnabaki kama 200. Miezi ya kiangazi vinaisha miezi kadhaa kabla. Huwezi kwenda peke yako, lazima kampuni yenye leseni, na kibali kikishatoka kwa jina lako hakihamishwi kwa mtu mwingine. Februari njia inafungwa mwezi mzima kwa matengenezo.

Ila nakuomba kitu kimoja, na hili nalisema kwa uzito wote. Kabla hujalipa kampuni, uliza wapagazi wanabeba kilo ngapi, wanalala kwenye hema gani, wanakula nini. Kikomo cha mzigo kwa mpagazi mwanamume ni kilo 20, na vituo vya mizani vipo njiani. Niliwaona wazee wenye viatu vya kandambili za mpira wakipita mbio na mzigo uliowazidi mgongo ili hema liwe limesimama kabla mgeni hajafika. Kampuni inayojibu maswali haya bila kubabaika ndiyo ya kulipa, hata ikiwa ghali.

Fundi_Timazi

MguuNjiani, kuhusu wapagazi nakuunga mkono kwa mikono miwili. Kuhusu siku 4 siwezi. Binti amekwenda kwa ajili ya baba yake. Amwache Cusco kwenye mita 3,400, siku 4, mji mgeni, lugha ngeni, mtandao wa simu haupo njiani? Hatafurahia hatua hata moja.

Lakini ipo njia ya katikati. Kuna Njia ya Inka fupi, inayoanzia kilomita 104 ya reli. Nyote wawili mnapanda treni moja asubuhi Ollantaytambo. Inasimama kilomita 104, wewe unashuka na mwongozaji wako, baba anaendelea mpaka Aguas Calientes, anapumzika hotelini. Wewe unatembea siku nzima, kama kilomita 11 au 12, unapita Wiñay Wayna, matuta yaliyoning'inia mlimani ambayo mimi nayaweka juu ya mengi niliyoyaona, na unaingia kwa Inti Punku jioni. Unashuka kwa basi, mnakula chakula cha usiku pamoja, kesho yake asubuhi mnapanda Machu Picchu wote wawili kwa tiketi ya mzunguko. Hii nayo inadai kibali na kampuni, na Februari imefungwa vilevile. Kimo chake hakifiki hata mita 2,800.

Chausiku_Ramani

Naona mmetaja kila kitu isipokuwa kile ambacho mwalimu aliwasimulia wanawe. Yeye alisimulia barabara. Sasa mpelekeni akaione barabara!

Mtandao wa barabara za Wainka, Qhapaq Ñan, ulikuwa na kilomita zipatazo 30,000, kutoka Kolombia ya leo mpaka Chile na Argentina, na uliingia urithi wa dunia mwaka 2014. Huko wilaya ya Quehue, juu ya mto Apurímac, kuna daraja la Q'eswachaka. Limesukwa kwa nyasi. Kila mwaka mwezi wa Juni jamii 4 za Waquechua wanakusanyika, familia zinaleta kamba walizosokota kwa mkono, za kwanza nyembamba kama kidole, wanazisuka mara ya pili, mara ya tatu, mpaka zinakuwa nene kama paja. La zamani linakatwa linaanguka mtoni, jipya linavutwa kutoka ng'ambo hii hadi ile. Linachukua siku chache, na siku ya mwisho ni sherehe. Unesco wameiweka kazi hiyo kwenye orodha ya urithi usioshikika mwaka 2013.

Kwa kawaida hufanyika karibu na wiki ya pili ya Juni, lakini ulizeni tarehe ya mwaka husika. Ni juu, kama mita 3,700, na kutoka Cusco ni saa 3 au zaidi za gari. Kwa hiyo muiweke mwisho wa safari, mkiwa mmezoea. Mzee si lazima avuke, akae ukingoni aangalie mikono ya wale akina mama wanaosokota.

Inti Raymi ni tarehe 24 Juni. Ni nzuri, inaigizwa kwa Kiquechua, inaanzia Qorikancha, hekalu la jua la Cusco, inakuja uwanja mkuu, inamalizikia Sacsayhuamán. Lakini hii ya sasa ilifufuliwa mwaka 1944, viti vya Sacsayhuamán vinalipiwa, na wiki ile Cusco haina pa kutia mguu. Ukiniuliza nichague kati ya hizo mbili kwa ajili ya baba yako, nachagua daraja bila kufikiri.

BintiMwalimu

Asanteni sana, kwa kweli nimesoma yote mara mbili na nikamsomea baba. Chausiku, uliposema daraja la nyasi alininyang'anya simu akasoma mwenyewe. Inti Raymi tumeiacha. Amekataa hata kuijadili.

Basi sasa mpango ni huu, naomba mniambie kama kuna ninapokosea. Tunafika Juni mosi hivi, Lima tunalala, Cusco tunapita tu, Ollantaytambo tunakaa usiku 4. Humo ndani Moray, Maras na Pisac kwa teksi. Kisha treni: mimi kilomita 104, baba anaendelea. Usiku 2 Aguas Calientes. Machu Picchu nimeamua mzunguko wa 2 kwa wote, daktari wa goti amesema ngazi za kupanda hazina shida na za kushuka apewe muda na fimbo. Halafu Cusco usiku 5, na katikati yake Q'eswachaka kwa gari la kukodi. Daktari wa presha amebadilisha kipimo cha dawa na ametupa maelekezo kwa maandishi.

Nabaki na maswali mawili. Cusco baba aone nini akiwa na muda wa kutosha? Na Machu Picchu, Fundi, wewe kwa jicho lako la uashi tuangalie nini, maana picha za pale nimeziona mpaka nimechoka.

Fundi_Timazi

Mpango umenyooka. Acha tu siku moja tupu mwishoni. Migomo na kufungwa kwa barabara au reli hutokea kule, Januari 2023 Machu Picchu yenyewe ilifungwa kwa wiki kadhaa kwa sababu ya maandamano. Ndege ya kuondoka Cusco isiwe siku moja na ile ya kuondoka Lima.

Cusco, chukueni tiketi ya pamoja ya vituo 16, boleto turístico. Ni soles 130 na inadumu siku 10. Humo mna Sacsayhuamán, Pisac, Ollantaytambo, Moray, Chinchero na vingine, kwa hiyo inunueni mkiwa bado bondeni, na hesabuni siku zisije zikaisha kabla ya Sacsayhuamán. Qorikancha, kanisa kuu na Maras havimo, vinalipiwa peke yake.

Ndani ya tiketi hiyo kuna makumbusho ya historia ya mkoa, kwenye nyumba ya Inca Garcilaso de la Vega. Alizaliwa Cusco mwaka 1539, baba nahodha wa Kihispania, mama wa ukoo wa kifalme wa Wainka, akakua akaandika historia ya watu wa mama yake. Mwalimu wa historia lazima aingie humo. Kisha Casa Concha, ya chuo kikuu cha Cusco, ndiko vilikowekwa vitu vya Machu Picchu ambavyo Hiram Bingham, mtafiti wa Kimarekani, alivipeleka Chuo Kikuu cha Yale na vikarudishwa kuanzia mwaka 2011. Vyungu, pini za shaba, zana. Mtaviona vikiwa nyumbani kwao, na hilo peke yake lina uzito wake kwa sisi tunaojua vitu vya mababu kukaa makumbusho ya watu.

Qorikancha nendeni asubuhi. Wahispania walijenga kanisa la Santo Domingo juu ya kuta za hekalu la jua. Tetemeko la mwaka 1950 liliangusha sehemu kubwa ya kanisa, kuta za Wainka zikabaki zimesimama. Msimame mlangoni mwa chumba kimojawapo mtazame jinsi ukuta unavyoegemea ndani kidogo kadiri unavyopanda, na mlango ulivyo mpana chini na mwembamba juu. Ardhi ikitikisika, jengo la namna hiyo linajikaza lenyewe. Mimi nilitoa timazi yangu mfukoni nikaishikilia mbele ya ukuta, mlinzi akaja, nikamwonyesha, akatabasamu akanipeleka kwenye kona nyingine iliyo bora zaidi.

Machu Picchu tazameni maji. Kila mtu anainua macho kwenye kilele, nyinyi inameni. Mlima ule unapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mji umekaa kwenye mgongo mwembamba wenye miteremko pande zote mbili. Ungekuwa umeshaporomoka zamani. Sehemu kubwa ya kazi ya ujenzi iko chini ya ardhi: tabaka la mawe makubwa, juu yake changarawe, juu yake udongo wa kulimia, kila tuta hivyohivyo, maji yanazama na kutoka bila kusukuma ukuta. Chemchemi iko juu mlimani, na mfereji wa mita 749 unaleta maji kwa mteremko uliopimwa mpaka kwenye vibubujiko 16 vinavyofuatana kushuka. Tafuteni midomo ya vibubujiko hivyo. Imechongwa ili maji yaruke mbele yakiwa yamekusanyika, mtu aweke mtungi wake chini ujae bila kumwagika.

Na Hekalu la Jua, ukuta wake wa mviringo umekaa juu ya mwamba wa asili. Angalieni pale ukuta na mwamba vinapokutana. Fundi hakusawazisha mwamba. Amechonga kila jiwe la chini lifuate mwamba ulivyo. Nimejenga nyumba nyingi na sijawahi kuwa na subira hiyo.

Mambo madogo: bebeni nguo nzito, Juni usiku Cusco unakaribia nyuzi 0 na nyumba nyingi za wageni hazina moto wa kupasha chumba. Mchana jua linachoma, kofia na mafuta ya ngozi. Dola mkibeba ziwe safi kabisa, noti iliyochanika hata pembeni kidogo hawapokei. Na mwongozaji wa Ollantaytambo mwambieni mapema kwamba mzee ni mwalimu wa historia, ili asije akampa maelezo ya dakika 10 ya watalii. Muulizeni pia kuhusu maghala ya Pinkuylluna, yale yanayoonekana kwenye mlima wa mbele. Kuingia ni bure, njia ni kali kwa goti, kwa hiyo baba ayatazame kutoka uwanjani na wewe upande asubuhi kabla jua halijawa kali.